Heshima Kwenye Jalada la Pampu

Nyasho, Musoma
Usiku wa kuamkia safari yako

Nyabise mwanangu,

Hali yako sitaiuliza, maana nakusikia unavyokoroma chumba cha pili, na mtu anayekoroma namna hiyo hana shida. Mwenye shida ni mimi. Nimekaa mezani na taa ya chemli, nimekunja uso kama mtu aliyetafuna kwinini, na ukiniuliza nina nini nitakuambia nina kinyaa. Hasira zangu unazijua, za sufuria lililoungua na kuku walioachwa nje. Hii siyo hasira.

Mambo ya safari baba yako ameshayamaliza, tena kayarudia: mzigo usimwachie mtu, usishuke kila basi likisimama, ukifika andika. Sina la kuongeza. Sabuni umeweka, shuka umeweka, dagaa umekataa kubeba kwa kuwa watanukisha basi zima, umesema. Haya, kaa na njaa. Mimi nataka kuzungumza nawe habari ya jioni ya leo.

Jioni nilikupa ukurasa wangu mpya, ule wa kufunga ngozi ya pampu, uende nao Shinyanga kwenye hiyo kazi yako ya kupanga upya kitabu cha maelezo ya pampu kwa mikoa yote. Nimeuandika kwa muda mrefu ukurasa ule, nikifuta na kurudia, na nilitaka uwe wa kwanza kuusoma. Ukausoma. Kidole chako kilikuwa kinafuata mistari kama ulivyozoea tangu darasa la kwanza. Kikafika mstari mmoja kikasimama. Kikakaa pale kidogo. Halafu kikaendelea hadi chini, ukainua uso, ukasema, "Nzuri, mama. Iko vizuri."

Nikakutazama. Ukajifanya unatafuta ndala.

Ulipokwenda kulala niliurudia mwenyewe, nikaona ulichokiona. Kuna kosa, Nyabise. Nimeandika kikombe cha ngozi kifungwe mdomo chini. Kikifungwa hivyo, fundi atapampu mpaka kesho kutwa na tone halitapanda. Macho yangu na haraka yangu ndivyo vilivyofanya hivyo, sina kisingizio. Lakini wewe umefunga ngozi za pampu tangu una meno ya utoto, umekaa kwenye karakana ile kuliko nyumbani. Uliona. Ukaninyamazia kwa kuwa mimi ni mama yako, kesho unaondoka, na hukutaka kuniharibia jioni.

Ndiyo maana nina kinyaa. Siyo na wewe peke yako. Tabia hiyo hukuiokota barabarani, umeipata humu ndani, kwangu. Na kuna mtoto alikufa kwa tabia hiyo. Mafuru wa mama yako mdogo, uliyekuwa ukicheza naye gololi. Unajua kwamba alikufa kwa kuhara, na unajua kwamba kisima cha kwao kilikuwa kibovu. Habari yote hujawahi kuambiwa kwa mpangilio, kwa hiyo nakuambia leo, na unisamehe kama mwandiko utapinda.

Ulizaliwa mimi nikiwa karani wa karakana ya misheni. Pale palikuwa na bruda mmoja mzungu, mrefu, mchafu wa grisi tangu Jumatatu hadi Jumamosi, aliyechora ile pampu ya mkono: bomba, fimbo ya chuma, pistoni yenye kikombe cha ngozi, na mpini wa mti. Kila kitu kilikuwa kinapatikana huku huku. Mchoro wake hakuuza. Alikuwa akisema mchoro ni wa yeyote anayetaka kuchimba kisima. Chukua, tengeneza, badilisha unavyotaka, ila ukibadilisha rudi utuandikie umebadilisha nini. Hilo tu ndilo sharti. Kurasa za wale waliorudi kuandika zikawekwa pamoja kwenye kasha la mbao, tukaliita Jalada la Pampu. Mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wake, ingawa halikufungwa kamwe.

Na miaka ile ilikuwa ya dhiki, wewe ulikuwa mgongoni. Duka la ushirika lilikuwa na rafu na muuzaji, basi. Chumvi foleni, sabuni foleni, mafuta ya taa unasikia tu kwamba yalikuja jana. Pampu nzuri za wafadhili kutoka ng'ambo zilikuwa zimesimama vijijini kama misalaba ya makaburi kwa kukosa kipande cha mpira ambacho kingekaa kiganjani. Pampu yetu ilikuwa inafanya kazi kwa sababu ilikula ngozi ya ng'ombe na mti wa porini. Fundi wa Butiama akigundua mti ambao ukichemshwa kwenye mafuta hauliwi haraka na chuma, anakuja Musoma anaandika, na baada ya muda fundi wa Bunda anausoma na kuutafuta mti ule ule kwenye vilima vya kwao. Mimi nilikuwa naona jambo hilo kwa macho yangu na nilikuwa nafurahi. Usidhani mama yako amezaliwa amenuna.

Lakini jalada lenyewe, Nyabise! Sijui nikuelezeje. Lilinuka. Kurasa zilikuwa na grisi, na mafuta ya sangara, na ugali. Hilo nilivumilia. Kilichonitia kichefuchefu ni maneno. Fundi anatembea kutwa nzima kuja kutuambia jambo moja zuri, akipewa kalamu anageuka kuwa mgeni rasmi: "Mimi fundi mwandamizi, kwa unyenyekevu mkubwa, napenda kuchukua fursa hii adhimu kuushukuru uongozi wa kata kwa ushirikiano wake usio na kifani." Ukurasa unajaa shukrani. Chini kabisa, kwenye kona, ameandika kwamba nati ikilegea ikazwe. Kaja mtaalamu mmoja wa wilayani akaleta kurasa za Kiingereza kitupu, nikazipeleka kwa mwalimu anitafsirie, tukakuta naye anasema nati ikilegea ikazwe. Ukurasa huu unasema valvu ya chini ikatwe kwenye tairi kuukuu, unaofuata unasema ole wake atakayekata valvu kwenye tairi. Wote wamepiga mhuri. Nani kasema kweli? Hakuna anayejua, na hakuna anayeuliza.

Maana jalada lile lilikuwa linaongezwa tu, halikukatwa hata mstari. Kijana hawezi kukata alichoandika mtu wa rika la baba yake. Hata kama ni upuuzi, anauacha, anaandika wake nyuma yake, anaaga vizuri na kuondoka. Kila baada ya muda mafundi walikuwa na kikao cha kupitia kurasa mpya. Nilikuwa nawasomea, wanatikisa vichwa, wanasema "imepita". Sikumbuki ukurasa uliowahi kukwama. Ukimaliza kikao unawasikia nje, chini ya paa la stoo, wakicheka yale yale waliyoyapitisha.

Bruda alipohamishwa alikuja ofisini kwangu akaweka mkono juu ya lile kasha. "Mama Nyabise, hii imekuwa jalala," alisema. "Ipange wewe. Toa vya kutupa." Nikasema nitapanga. Kupanga nilijua. Kutupa sikukubali wala sikukataa.

Nikapanga kweli, na sehemu hiyo sioni aibu kuisema. Nilitenganisha kurasa za kutengeneza na kurasa za kukarabati, nikatoa shukrani zote, nikaweka kila chombo kwa jina moja badala ya majina yale mengi ya kila kijiji. Nikichapa ukurasa mmoja kwenye stensili, kabla ya kuudurufu nilikuwa nakwenda Kitaji kwa Mama Masatu, yule jirani yetu wa zamani aliyekuwa akikaanga samaki, ambaye pampu alikuwa anaijua kwa kuinamia ndoo tu. Nampa karatasi na vyuma, nakaa kimya. Kukaa kimya ndiyo kazi ngumu. Mara ya kwanza alifunga ngozi kichwa chini miguu juu, akaitupa karatasi kwenye majivu.

"Hii karatasi yako inaongeaga na watu wanaojua tayari," alisema. "Sasa si wangekaa tu bila karatasi?"

Nilichukia, halafu nikarudi nyumbani nikaandika upya. Alikuwa mkali mwanamke yule, na kila alipokosea alinilaumu mimi, na kila mara ilikuwa haki. Hiyo ndiyo shule pekee ya kuandika maelezo niliyowahi kusoma.

Sasa nikafika kwenye ukurasa wa ngozi.

Ngozi ya pampu lazima ilainishwe kwa mafuta kabla ya kufungwa, ama sivyo inakakamaa na kupasuka. Bruda aliandika mafuta ya ng'ombe. Nyuma ya ukurasa wake palikuwa na ukurasa wa babu yako wa Butiama, mhunzi, baba wa baba yako. Jina lake unajua silitaji na siliandiki, hata leo ambapo amelala chini ya mawe nyuma ya nyumba yake. Utaolewa utayajua haya kwa mwili wako. Mimi nikiingia uani, yeye aligeukia zizini. Yeye akipita njiani, mimi niliacha njia. Sikuwahi kula mbele yake. Nikiwa na neno lake, lilipita kwa baba yako au kwa bibi yako, likafika limekwishapunguzwa makali. Wanawake wa kule walinisifu, walisema mke yule ana adabu, na mimi sifa zile nilizila kama andazi.

Babu yako hakuandika mwenyewe. Baba yako alikwenda kumsalimia akarudi na karatasi: "Mzee anasema ngozi ilale usiku kwenye oili chafu ya gari. Inadumu kuliko ya mafuta ya ng'ombe." Hivyo tu, na jina lake kubwa chini.

Kwenye kasha palikuwa na ukurasa wa tatu. Uliandikwa na kijana wa Bunda, fundi Bwire, kabla hata sijaanza kupanga. Alikuja akiwa amevua kofia, akasema kwa sauti ya chini kana kwamba ameiba kitu.

"Mama Nyabise, hiyo ya oili chafu mimi niliijaribuga. Maji yananuka gereji. Punda mwenyewe alikataa."

"Iandike," nilimwambia.

Akaiandika, mistari michache, bila jina. Siku ya kikao nilisoma ukurasa wa mzee, nikamwangalia Bwire. Akaangalia kucha zake. Imepita, wakasema. Nilipomuuliza nje alisema, "Mama, ningesemaje? Yule ni mzee, tena ni mkwe wako." Akanigeuzia mimi, nami nikaona ana adabu.

Basi unajua nilifanya nini? Nilikaa kwenye taipureta, nikawa na kweli mkononi, karatasi ya Bwire nimeilaza hapa kushoto. Nikachapa hivi: "Wengine hulainisha ngozi kwa oili chafu ya gari, wengine hutumia mafuta ya ng'ombe." Oili nikaitanguliza, kwa kuwa mzee ndiye mkubwa. Karatasi ya Bwire nikaichana, ili isije ikaonekana. Halafu nikapanga mistari vizuri, nikaacha nafasi nzuri pembeni, nikapiga mstari chini ya kichwa cha habari. Ulikuwa ukurasa mzuri kuliko yote niliyowahi kuchapa. Nilikula ugali wangu mchana ule nikiwa na raha.

Neno lile "wengine" sasa nikilisoma popote nasikia kutapika. Ni neno la mtu anayejua na hataki kusema. Wengine ni nani? Wanaishi wapi? Ni mimi, Nyabise, nimejificha nyuma ya watu ambao hawapo.

Kijiji alichoolewa mama yako mdogo Nyakwesi kiko upande wa Bunda, ndani kidogo kutoka barabara ya malori. Walichimba kisima kwa mikono yao, wakajenga pampu kwa kufuata karatasi yetu, mstari kwa mstari. Fundi wao alifika pale pa ngozi. Mafuta ya ng'ombe? Mwaka ule mafuta yoyote yanayoweza kuingia kwenye sufuria yalikuwa yameshaingia. Oili chafu ilikuwa bure, ilikuwa inamwagwa chini na madereva barabarani. Na karatasi imeitaja kwanza. Akaichukua, na ningekuwa yeye ningeichukua.

Pampu ikatoa maji. Kiongozi mmoja akaja kuizindua, akahutubia mpaka akina mama wakaanza kukaa chini juu ya ndoo zao, akapewa glasi ya maji, akaishika mpaka mwisho wa hotuba na kumpa msaidizi wake bila kuinywa. Akina mama walikunywa. Yalinuka. Walipolalamika wakaambiwa harufu ya upya, itaisha. Wakavumilia, halafu mmoja mmoja wakarudi lamboni, wanakokunywa ng'ombe, kwa kuwa maji ya lambo angalau wanayajua. Mvua zilipokuja zikasomba kila kitu cha malishoni zikakiingiza humo. Watoto wakaanza kuhara damu. Wengi walipona. Mafuru hakupona.

Nilikwenda msibani nimekubeba, ingawa ulikuwa mkubwa wa kutembea. Mama yako mdogo alikuwa amekaa kwenye mkeka, macho makavu. Nikakaa naye. Akasema bila kunigeukia:

"Dada, kile kisima kilikuwaga kinanuka gereji. Tuliwaambia. Walisema karatasi ya Musoma ndivyo inavyosema."

"Karatasi ya Musoma ni mimi, Nyakwesi."

"Najua. Walipotusomea nilijua ni yako." Akajifuta pua kwa ncha ya khanga. "Ilikuwa nzuri sana kusikiliza."

Hajawahi kunilaumu kwa neno jingine, mpaka leo. Mwaka juzi alinitumia kuku. Ningependa angenipiga.

Baada ya matanga nilikwenda Butiama peke yangu. Baba yako nilimwacha, nilijua angenitangulia na kulainisha maneno. Bibi yako alikuwa anachambua mtama, babu yako yuko nyuma ya ghala, mlio wa nyundo unasikika. Nikamweleza bibi yako nilichokuja nacho. Nyundo ikanyamaza.

"Mwambie mke wa mwanao," alisema babu yako kutoka kule nyuma, kama desturi, "mwambie aende salama, nimesikia msiba."

Nikasimama. "Baba, nataka kukuuliza mwenyewe." Bibi yako akaziba mdomo kwa mkono. Mimi nikaendelea, nikiutazama ukuta wa ghala. "Ile oili chafu ya ngozi. Ulisema itumike kwenye kisima cha watu?"

Nikasikia ng'ombe akijikuna kwenye nguzo. Halafu akajibu, na akanijibu mimi, hakumpitia mtu.

"Ile nilisemaga ni ya kisima cha ng'ombe. Cha pale zizini kwangu. Ng'ombe wanakunywa, hawana neno. Nani alisema watu wanywe oili?"

"Karatasi haikusema ya ng'ombe, baba."

"Mume wako aliandika tu akaenda. Hakuniuliza kitu. Na wewe ndiyo mwenye kazi, hukuja."

"Ningekujaje?"

"Kwa miguu. Si kama ulivyokuja leo?"

Nililia hapo, mwanangu. Msibani sikulia, nililia pale uani kwa mzee ambaye hata uso wake sijawahi kuutazama vizuri. Kumbe mtu niliyekuwa namlinda hakuwa amekosea. Angeulizwa angesema. Angeambiwa ukurasa wake ukatwe angekubali. Mimi, baba yako, Bwire, na kikao kizima tulimstahi mpaka tukamwekea mdomoni neno ambalo hakulisema, na neno hilo likaua.

"Mimi chuma kikipinda nakigonga," alisema, sasa sauti yake imekwaruza. "Karatasi yangu mliiacha imepinda kwa nini? Nimekuwa maiti?" Halafu akasema, "Kata. Kata leo leo." Na nyundo ikaanza tena, kwa nguvu.

Nilirudi Musoma nikakata. Niliandika ukurasa mpya: oili chafu isitumike kwenye kisima cha watu, ilijaribiwa upande wa Bunda, maji yakanuka, watu wakakimbilia lambo, mtoto akafa. Nikaongeza kwamba kwa maji ya ng'ombe inafaa, na kwamba aliyeligundua hilo ni mhunzi wa Butiama. Kikaoni wakainua mikono kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Unadhani walipinga oili? Walipinga mtoto. Habari ya kifo inatia doa maelezo ya ufundi, walisema; karatasi hii itasomwa na wageni; ibaki tu "haishauriwi". Mwenyekiti alitabasamu kabisa akiniambia. Nikasema anayetaka kumtoa Mafuru aje achukue kalamu amtoe mwenyewe, mbele yangu. Hakuna aliyenyanyuka. Siku ile woga wao ulinisaidia, na bado niliuchukia.

Ungefikiri imeishia hapo. Nami nilifikiri. Kisha mambo yakafunguliwa, maduka yakajaa, ukawa unapata sabuni ya rangi unayotaka, na mashine za kutoa fotokopi zikafika mpaka Musoma mjini. Mwezi uliopita nilikwenda sokoni kutafuta uzi wa kukushonea hilo begi lako, nikaona kitabu kimetundikwa kwa kibanio, kina jalada la plastiki linalong'aa: maelezo kamili ya pampu ya mkono. Mtunzi wake simjui. Nikakifungua. Ni kazi yangu, Nyabise, taipureta yangu ile ile yenye herufi K iliyopanda juu. Ila ni toleo la zamani. "Wengine" wangu yumo, amekaa vizuri, na nafasi pembeni. Ule mstari wa bruda, kwamba ukibadilisha rudi utuandikie, wameukata. Ndiyo mstari pekee waliothubutu kuukata.

Nikamwambia muuzaji kitabu hiki kina kosa linaloweza kuua. Kijana mstaarabu tu, amevaa miwani ya jua.

"Mama, mimi nauza, sisomagi," alisema. "Unachukua au huchukui?"

Nikakaa juu ya gunia la mtu nikacheka mpaka wakaniletea maji.

Sasa na wewe unaenda kwenye kazi hiyo hiyo. Watakupa ofisi, watakuletea kurasa za Tabora na za Dodoma na za kwetu, zenye mihuri na shukrani na wakubwa wao. Utakutana na kaka mmoja mpole sana ambaye hakuna ukurasa aliowahi kuukataa, na kila mtu anampenda. Mwogope. Utakuta ukurasa wa bosi wako, umepinda, na bosi mwenyewe ni mtu mwema aliyekusaidia kupata nyumba. Hapo ndipo utakapotafuta neno la kati, neno lisilomuumiza mtu, na utalipata, maana una akili na una mwandiko mzuri kama mimi. Sijui namna ya kukuzuia. Najua tu kwamba mimi hakuna aliyenitisha siku ile, hakuna aliyenituma. Nilifanya kwa upole wangu mwenyewe, nikashiba.

Na usinielewe vibaya, sikuambii uwe mkali. Wakali nimewaona, wanakata kurasa za watu bila kuwauliza na wao wanaacha madhara yao. Babu yako hakuhitaji mkali. Alihitaji mtu atembee mpaka Butiama amuulize, mzee, ile ngozi uliifunga kwenye kisima cha nani? Mpaka leo nikikumbuka kwamba swali lenyewe lilikuwa fupi hivyo, usingizi unaniruka.

Kwa hiyo nirudi mezani. Ukurasa wangu uko hapa, mstari wenye kosa uko palepale. Ningeweza kuurekebisha sasa hivi, kalamu ninayo, na wewe usingejua kwamba nimeona. Tungeachana kesho stendi tumekumbatiana, kila mmoja akiwa amemtunzia mwenzake heshima. Nimeishika kalamu nikaiweka chini. Siwezi, mwanangu. Nikiufuta mimi, utakuwa umefika Shinyanga hujawahi kumkata mtu unayempenda, na utaanzia wapi?

Baba yako atakuamsha bado giza. Mimi nitakuwa jikoni na uji, mlango wazi. Usije kuniamkia. Pitia mezani kwanza, ukate ule mstari, uandike ulio sahihi, na pembeni uweke jina lako lote, la baba yako na la babu yako, lile nisiloweza kuliandika mimi. Kisha njoo jikoni unishike bega uniambie, "Mama, umekosea," kwa sauti yako ya kawaida, baba yako akisikia.

Baada ya hapo nipe shikamoo, nitaipokea.

Mama